Watu Thelathini na Mmoja Waliouamkia Mlango

TANGAZO RASMI. Kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia, maana hao ndio huwa wa kwanza kusoma. Mimi, msomi wa kidato cha tatu, kijana mwenye nidhamu iliyotukuka na sifa zisizohesabika, nimeketi ili kuuelimisha umma juu ya hatari za vikundi vinavyokula akili za watu.

Nimeketi kwa sababu siwezi kusimama. Nimefyeka nyasi za uwanja wa mpira siku nne mfululizo kwa adhabu, na kiuno kimegoma kushirikiana nami.

Ya adhabu tutafika. Tuanze na mlango.

Jumatatu moja, saa moja na nusu asubuhi, watu thelathini na mmoja walijipanga mstari mbele ya darasa letu. Wakainamisha vichwa. Mmoja baada ya mwingine wakauambia mlango: "Shikamoo."

Mlango wa mbao. Wa bluu. Kitasa kiling'oka zamani, pamebaki tundu.

Hakuna aliyecheka. Mmoja mrefu aliinama zaidi, akaona haitoshi, akapiga goti.

Halafu mlango ukaitikia.

"Marahaba, wanangu."

Dada mmoja aliangusha begi. Mwingine akaanza kulia machozi ya furaha. Kaka mmoja, mtu mwenye ndevu kabisa, akauliza kwa sauti ya kutetemeka: "Umeamkaje?"

"Salama," mlango ukajibu. "Ila bawaba zinauma."

Mlango nilikuwa mimi. Nilijibana nyuma yake, kati ya ndoo na mafagio, mdomo kwenye tundu la kitasa, shati nimeling'ata nisipasuke kwa kicheko.

Sasa subiri nikueleze hao watu ni akina nani, usije ukadhani shule yetu ni wodi ya vichaa.

Wanaitwa Ushirika wa Mapambazuko. Kwenye karatasi ni kikundi cha maombi na kusaidiana masomo. Mwalimu mlezi alitia saini fomu yao mwaka juzi, na tangu hapo hajawahi kuonekana huko. Wanakutana kwenye chumba cha zamani cha kupigia pasi, nyuma ya mabweni, chumba ambacho hadi leo kinanuka nguo iliyoungua.

Mkuu wao yuko kidato cha sita. Wao humwita Kaka Mwangalizi. Mimi humwita Chujio.

Kisa cha jina ni boksi. Lilikuwa boksi la chaki, wakalipaka rangi nyeupe. Mwanachama akihisi ameletewa ujumbe wakati wa maombi, anauandika bila jina na kuutumbukiza humo. Ijumaa jioni Chujio anafungua, anafumba macho, anapapasa karatasi kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nyingine anazichana. Nyingine anazisoma kwa ile sauti yake ya kutokea tumboni, kisha anatamka: "Imepita."

Na wote: "Imepita."

Basi. Imekuwa sheria. Nimeona chujio la chai likifanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Utaratibu wao mwingine nao ni wa kuchekesha, mpaka uutazame mara ya pili. Kila Jumatano kila mmoja anaandika makosa yake na ya mwenzake, anampa Chujio, naye anayafungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Ukitaka kutoka kwenye kikundi, hakuzuii. Anakuuliza tu kwa upole kama unalikumbuka sanduku.

Ukiuliza swali, unaambiwa una vumbi. Mwenye vumbi hasemeshwi siku tatu. Chujio hajawahi kuwa na vumbi. Pia hajawahi kufua soksi zake mwenyewe. Zinafuliwa na wanaosafishwa vumbi.

Ungedhani huyo tapeli anawapata mbumbumbu. Hapana. Wako wanaoongoza darasa kwa hesabu. Wanajua kutafuta thamani ya eksi, ila kujiuliza kwa nini mtu mmoja tu ndiye mwenye soksi safi, hapo hesabu zinagoma.

Yote haya yangekuwa sinema ya bure kwangu, kama si binamu.

Binamu ni mtoto wa shangazi yangu. Tumelelewa wote na bibi yetu, tumelala kitanda kimoja hadi darasa la sita, tumekuja shule hii siku moja. Kitanda chetu cha ghorofa, mimi juu yeye chini. Mtu mpole, anavaa viatu vya marehemu babu, vyeusi, vizito, kisigino cha kulia kimepigwa chuma. Akitembea unasikia ko-ki, ko-ki, ko-ki, kama saa mbovu inayokuja kukutembelea.

Muhula wa pili akajiunga na Mapambazuko.

Kwa nini? Sijui. Watu wengine wamezaliwa laini, wanafuata mkumbo.

Wiki ya kwanza walimpigia viatu rangi. Walimbebea ndoo ya maji ya kuoga. Alipata kumi na moja kwenye fizikia, wakampigia makofi. Kumi na moja! Kwa mia! Mimi nilipata sitini na mbili, nikaulizwa nimemwigilizia nani.

Wiki ya tatu alihamisha godoro lake kwenye kona yao.

"Binamu, twende tukale," nilimwambia siku moja.

"Nakula na wenzangu."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu wa nje."

"Nje ya wapi? Tumelala kitanda kimoja miaka yote ile, na wewe ndiye uliyekuwa unakojoa!"

"Ulikuwa wewe," akasema, na kidogo acheke. Niliona kabisa kicheko kinakuja. Akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama pembeni kama kuna anayemwona, halafu akaninong'oneza: "Una vumbi."

Nikaapa kukiangamiza kikundi kile kwa silaha pekee niliyojaliwa: upuuzi.

Dirisha la chumba cha pasi halifungi vizuri. Alhamisi mchana nilipenyeza mkono, nikatumbukiza karatasi yangu kwenye boksi. "Mlango wa kidato cha tatu umevumilia mengi. Uamkieni kila asubuhi." Nilidhani wataisoma, watacheka, watagundua walivyo wajinga, binamu atarudi kitandani kwake. Ijumaa nilichuchumaa chini ya dirisha kusikiliza.

Nikasikia karatasi zinapapaswa. Kisha ile sauti ya tumboni.

"Imepita."

Hayo ya Jumatatu umeshayasikia.

Mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilikuwa nimeitikiwa na umma. Nikaandika ya pili, na hii niliipangilia vizuri: "Shikamoo ni ya thamani, isitapanywe. Itolewe mara moja tu kwa siku. Ukishaupa mlango, usimpe mtu yeyote mpaka jua lizame."

Lengo langu lilikuwa mwalimu wa nidhamu. Mtu yule husimama getini kila asubuhi kupokea shikamoo kama anavyopokea mshahara, na akikosa hata moja anajua ni ya nani.

Ikapita.

Jumatatu iliyofuata, watu thelathini na mmoja walitoka kwenye mlango wao, wakampita mwalimu wa nidhamu midomo imebanwa.

"Wewe! Huoni mtu mzima hapa?"

Kimya.

"Na wewe? Mmekula gundi?"

Kimya.

Kufikia saa nne wote walikuwa wanafyeka nyasi nyuma ya maabara. Wote isipokuwa Chujio. Chujio alikuwa na cheti cha zahanati, mgongo. Mimi nilikaa kivulini na soda yangu nikisubiri wajiuzulu kwa makundi.

Walifyeka wakiimba. Chujio aliwaambia adhabu ndiyo uthibitisho kwamba ujumbe ni wa kweli. Wangesifiwa, hilo nalo lingekuwa uthibitisho. Ingenyesha mvua ya mawe, hali kadhalika. Binamu mikono ilimtoka malengelenge, akayaonyesha kwa wenzake kama mtu anayeonyesha medali.

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya kutembelewa na wazazi.

Bibi alikuja saa saba, ameshikwa mkono na jirani aliyemsindikiza. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Watu anawatambua kwa sauti. Jirani alimkalisha kwenye benchi la bwaloni, akaenda kumsubiri getini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwehu wangu." Akanishika masikio yote mawili, akayavuta. "Umenenepa au umevimba?"

Nikamsimulia habari ya mlango. Nikaigiza sauti zote. Bibi alicheka hadi akashika meza.

"Watu wazima na akili zao, wanauamkia ubao?"

"Bibi, mimi ningekuwa huo mlango ningehama."

"Na mwenzio yuko wapi? Mlinzi kamwita?"

Hapo ndipo nilipovisikia viatu. Ko-ki, ko-ki, ko-ki. Vikasimama mlangoni pa bwalo.

"Shikamoo," binamu aliuambia mlango, chini chini.

Akaingia. Akaja hadi hatua mbili kutoka kwenye meza yetu, akasimama. Na mimi, bingwa wa mipango, ndipo nilipokumbuka kwamba bibi naye ni mtu.

Jumapili madarasa hufungwa na mlango wowote unatosha, kwa hiyo shikamoo yake ya siku ile ilikuwa imeshaishia kwa huo wa bwalo. Na kumsemesha bibi yako bila kumwamkia, kwetu hilo halipo. Ni afadhali umtupie jiwe. Kwa hiyo alisimama tu. Midomo imebanwa, jasho linamtiririka shingoni.

Bibi aliinua uso. Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, akangoja.

Akangoja.

"Nani huyo?" akauliza.

Nilimkonyeza binamu. Nikamkanyaga mguu. Alitazama sakafu.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ila ukweli ungekuwa na swali la pili, nani aliandika, na jibu lilikuwa limekaa mbele ya bibi linatabasamu.

"Ni mtu tu, bibi, anapita," nikasema. "Binamu ana mtihani wa majaribio. Hakuruhusiwa kutoka."

Binamu alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayemjua. Kisha akageuka. Ko-ki, ko-ki, ko-ki, hadi nje.

Bibi alirudisha mkono wake mapajani, taratibu.

"Mtihani Jumapili."

"Ndiyo, bibi. Shule hii ni kali."

"Na huyo anayepita kavaa viatu vya mume wangu."

Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kile chuma nilikipeleka mwenyewe kwa fundi. Miaka arobaini nimesikia viatu vile vikirudi nyumbani. Nani kamkataza asiniamkie?"

"Kile kikundi, bibi. Wajinga wale."

"Nimeuliza nani."

Nikakuna kichwa. Nikapiga chafya ambayo haikuwapo.

"Uongo wako nao una mlio wake, mjukuu wangu," akasema bibi. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ijumaa wananipasua macho. Wanasema nitaona, wanasema pia huenda nisione hata hiki kivuli kilichobaki. Sikuja kuwaona. Nimekuja kuchukua shikamoo mbili niende nazo hospitali. Nina moja, na hiyo moja imeanza kunitia shaka. Gari letu linaondoka saa kumi."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo.

Nilikimbia. Jumapili mchana wanakutana, kwa hiyo niliusukuma mlango wa chumba cha pasi bila hodi na bila shikamoo, nikasimama mbele ya umati nikatoa hotuba fupi kuliko zote za maisha yangu.

"Karatasi ya mlango niliandika mimi. Na ya shikamoo moja kwa siku, mimi. Na aliyeitikia marahaba, mimi. Nilikuwa nawacheka. Nendeni mkawaamkie watu."

Nikangoja wanirukie. Nilikuwa nimeshachagua dirisha la kutokea.

Chujio alipauka. Nilimwona. Kwa muda wa kama pumzi mbili alikuwa kijana tu wa kidato cha sita aliyeshikwa. Halafu uso wake ukajipanga upya.

"Aliyeandika si kitu," akasema. "Aliyechuja ndiye. Huyu alitumwa bila kujua kwamba ametumwa. Tazameni! Mtu wa nje, na bado ujumbe ulipita kwake. Imepita."

"Imepita!"

"Hamjanielewa," nikasema. "Nilisema bawaba zinauma!"

"Na zilikuwa zinauma," akajibu yule mwenye ndevu, macho yamemjaa machozi. "Nilizipaka mafuta siku ile ile."

Wakaniletea kiti. Cha mbele, kando ya Chujio. Dada mmoja akanipa maji. Makofi yalipigwa hadi vioo vikatikisika. Wakaniita Mjumbe.

Nikakaa.

Ndiyo, nilikaa. Nilijiambia nafikiria namna ya kutoka. Ukweli ni kwamba kiti kilikuwa kizuri. Maji yalikuwa ya baridi. Watu thelathini walinitazama kama kwamba neno langu lijalo lina uzito, na kichwani mwangu, wakati bibi anahesabu dakika bwaloni, nilikuwa nimeanza kutunga karatasi ya tatu. Niliona wanavyoweza kukiamkia kijiko.

Nikahisi kitu kwenye mguu. Mtu alikuwa amepiga magoti ananifuta viatu kwa mkono wa shati lake.

Alikuwa binamu.

"Simama," nikamwambia.

"Mguu wa pili, Mjumbe."

Mjumbe. Hakusema binamu. Na hakuwa anatania. Mtaalamu wa utani mimi, ningejua.

Hapa naomba nisimame kidogo, kuna jambo la kurekebisha. Huko juu nilisema sijui kwa nini alijiunga. Nilikudanganya. Najua hadi siku na saa.

Muhula wa pili, wiki ya kwanza, niliikuta barua yake chini ya mto. Alikuwa anamwandikia bibi. Nilipanda juu ya sanduku langu katikati ya bweni, nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Kwamba analia ndani ya blanketi. Kwamba anaogopa kwenda chooni peke yake. Kwamba kila mtu hapa anacheka viatu vya babu. Bweni zima lilikaribia kufa kwa kicheko. Watu sitini. Nilipigiwa makofi, nikainama kama msanii. Yeye alikuwa mlangoni na ndoo yake.

Jioni ile ile Mapambazuko walikuja wakakaa kitandani kwake. Hawakucheka. Walimwomba awape viatu vya babu wavipige rangi.

Sikuwa na utani uliobaki. Nilishuka kwenye kiti, nikachuchumaa sakafuni mbele yake.

"Barua," nikasema. "Nisamehe kwa ile barua. Na bibi hajui kama umekuja. Anajua, ila mimi nilimwambia hukuja."

Mkono wake ukasimama.

"Ilikuwa na kurasa mbili," akasema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili naisikia sauti yake ya kawaida. "Ulisoma mmoja."

"Wa pili sikuuona."

"Wa pili nilimwambia bibi asiwe na wasiwasi. Nilimwambia niko na wewe, na wewe huwezi kuacha mtu anicheke."

Akasimama. Akakunja mkono wa shati uliochafuka kwa rangi ya viatu vyangu, akaanza kutembea. Ko-ki, ko-ki.

"Ndugu yangu," Chujio akaita, ile sauti laini kabisa. "Unalikumbuka sanduku? Nina karatasi zako zote mle."

Binamu hakugeuka hata shingo.

"Wasomee," akasema. "Mimi nimeshasomewa."

Akatoka. Mlango hakuutazama.

Nilimkuta bwaloni amepiga magoti, kichwa mapajani mwa bibi. Nilisikia "shikamoo" imekatika katikati, na "marahaba" ndefu isiyoisha. Bibi alikuwa anampapasa uso kama anayeusoma. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini.

"Na wewe," bibi akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Ile ya mchana ilikuwa na uongo ndani yake. Nipe nyingine."

"Shikamoo, bibi."

Aliyashika masikio yangu, safari hii hakuyavuta. Kisha: "Marahaba."

Akaondoka na shikamoo zake mbili. Jicho la kushoto limepona vizuri, la kulia bado wanalisubiri. Jambo la kwanza aliloliona sawasawa, anasema jirani, ni kwamba jirani amezeeka.

Adhabu sasa. Aliyenishtaki si Chujio wala mwenye ndevu. Ni bibi. Pale getini alimwomba mwalimu wa nidhamu amwinamie, akamweleza yote sikioni kama alivyosimuliwa na binamu, kuanzia barua. Mwalimu hana haraka: wiki tatu baadaye aliniita ofisini akanikabidhi fyekeo na uwanja mzima. Nikamuuliza, kwa heshima zote, na kikundi je? Akafungua kabati, akatoa fomu yao, akaitazama.

"Ina saini," akasema, akairudisha.

Kwa hiyo bado wapo. Wametoka wawili tu, binamu na yule dada aliyeangusha begi. Na Jumatatu hii asubuhi, nikiwa uwanjani na fyekeo langu, niliwasikia wakijipanga pale mbele ya darasa.

"Shikamoo."

"Marahaba, wanangu," mlango ukaitikia.

Naapa sikuwa mimi. Ilikuwa sauti ya kutokea tumboni.

Somo? Mtaniambia tuogope boksi, tuogope sanduku la bati, tuogope mtu asiyefua soksi zake. Sawa, tuogope. Ila watu wale hawakumvuta binamu kwa kamba. Walikaa tu kitandani kwake usiku ambao sisi sitini tulikuwa tunacheka, na mimi nilikuwa juu ya sanduku nimeinama kupokea makofi.

Binamu ameshaisoma hii kabla yenu. Kitandani chini yangu hajarudi. Godoro lake liko karibu na dirisha, peke yake. Nilimuuliza kama naweza kuiweka mtandaoni. Alifikiria kidogo, akasema naweza, kwa sharti moja: leo baada ya chakula nipande juu ya sanduku langu, katikati ya bweni, niisome kwa sauti.

Kurasa zote.